Fedha za Ujerumani zimeshagawanywa, na viza bado sijaomba

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 26, mzaliwa wa Tanga, ninaishi Ngamiani pamoja na mama yangu na wadogo zangu wawili. Baba alifariki miaka minne iliyopita. Ninafundisha chekechea katika shule moja ya binafsi hapa mjini kwa mshahara wa shilingi 250,000 kwa mwezi, ambao mara nyingine huingia mwezi unaofuata ukiwa umefika katikati. Sikuandikii ili kuilalamikia kazi, kwa sababu watoto wale ninawapenda na wao wananipenda. Nakuandikia kwa sababu tangu Ramadhani ilipoisha sipati usingizi, na sina mtu wa kumweleza yote bila kuficha.

Mwaka jana mwalimu mwenzangu alikwenda Ujerumani kwa mpango wa Au Pair, ambao kijana hukaa na familia kwa muda usiozidi mwaka mmoja, akiwasaidia kulea watoto na kazi ndogondogo za nyumbani, huku akijifunza lugha na maisha ya wenyeji. Yeye ndiye aliyenikutanisha na familia moja inayoishi karibu na mji wa Kiel, yenye watoto wawili, wa miaka mitatu na miaka sita. Tumezungumza kwa video mara tano. Mara ya mwisho yule wa miaka sita alinionyesha mahali jino lake lilipong'oka, nikamfundisha kusema "pengo," naye akalirudia neno hilo mpaka mama yake akacheka. Nimejifunza Kijerumani kwa miezi minane, nimefaulu mtihani wa ngazi ya A1, ile ya mwanzo kabisa, na familia imeshanitumia mkataba uliotiwa saini. Kilichobaki ni kupata miadi ubalozini Dar es Salaam na kupeleka maombi ya viza. Muda wenyewe ni mfupi, kwa maana sheria inataka mwombaji awe hajatimiza miaka 27 siku anapoomba, nami nitaitimiza baada ya miezi mitano.

Hapo ndipo baba yangu mdogo alipoingia. Aliingia kwa nia njema, nasema hivyo kwa dhati, maana tangu baba alipofariki yeye ndiye anayetuangalia. Alisema viza ya Ulaya haipatikani bila mtu wa kuifungulia njia, akanipeleka Dar es Salaam kwa bwana mmoja anayejiita wakala. Bwana huyo anataka shilingi milioni sita na nusu, nusu yake kabla ya miadi na nusu viza ikitoka, kwa ajili ya kuandaa makaratasi, kunifundisha majibu ya usaili na, kwa maneno yake, "kuzungumza na watu wake." Aliwaambia mama na baba mdogo kwamba nitalipwa milioni mbili na nusu kwa mwezi. Mimi aliniambia, "Ukiulizwa, sema utarudi kufundisha Tanga. Ukishafika, kaa hukohuko."

Baba mdogo ameamua tuuze nusu ekari ya shamba la michungwa alilotuachia baba kule Muheza, na mnunuzi ameshapatikana. Ana daftari lenye jalada la kijani ambalo zamani aliandikia madeni ya duka. Ukurasa mmoja sasa una jina langu juu. Chini yake ameandika: mwezi wa kwanza, bati 30 za nyumba ya mama, mwezi wa pili, ada ya mdogo wangu wa kiume, mwezi wa tatu, deni la kikoba, mwezi wa nne, kuanza kurudisha fedha za shamba, na kuendelea hivyo hadi mwezi wa kumi na mbili, ambapo ameandika "pikipiki" na kuweka alama ya kuuliza. Alitusomea ukurasa wote kwa sauti ya furaha. Mama alikuwa akimenya chungwa bila kusema neno, ganda likishuka refu bila kukatika. Alipomaliza aliniwekea lile chungwa mkononi, akainuka kwenda kuswali.

Mama ana presha. Kila mwezi mimi ndiye ninayemsindikiza kliniki Bombo, na mimi ndiye ninayejua vidonge vipi anavimeza asubuhi na vipi usiku.

Sasa, Mama, kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Mkataba niliotumiwa hausemi milioni mbili na nusu. Unasema euro 280 kwa mwezi, na haziitwi mshahara bali fedha za matumizi ya mkononi. Nilikuwa nimeshausoma kabla daftari halijaandikwa. Nilinyamaza kwa sababu nilihofia kwamba wakijua hawataniruhusu kwenda, nami nataka kwenda kuliko nilivyowahi kutaka jambo lolote. Baada ya mwaka huo sijui nitataka nini. Kuna siku ninajiona nikisomea malezi ya watoto hukohuko, na kuna siku ninajiona nikirudi na kufungua chekechea yangu Makorora.

Naomba ushauri wako. Je, niseme ubalozini kwamba nitarudi, ilhali sina uhakika? Je, nikubali shamba liuzwe? Na je, mtoto wa kwanza ana haki ya kumwacha mama yake mgonjwa kwa ajili ya safari ambayo hata fedha haileti?

Ni mimi,
Njia Panda, Ngamiani, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa usiku wote huo wa kukosa usingizi. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nilisimama pale kwenye ganda la chungwa lisilokatika, kwa sababu naamini mama yako alikuwa akisema jambo ambalo bado hakuna aliyemuuliza. Nitalirudia hilo. Kwanza niruhusu niyapange mambo yako kama ninavyoyaona, unisahihishe pale nitakapokuwa nimekuelewa vibaya.

Umepata nafasi ya mwaka mmoja, umeipata kwa juhudi yako mwenyewe, na mlango wake unafungwa baada ya miezi mitano. Nyumbani wanaiona nafasi hiyo kama ajira yenye mshahara mnono. Wakala anaiona kama biashara, na kama upenyo wa kuhamia moja kwa moja. Wewe unaiona kama kitu cha tatu, kitu chako, ambacho hujakipatia jina mbele yao. Watu watatu mnazungumzia safari tatu tofauti, na shamba linataka kuuzwa kwa ajili ya ile ambayo haipo.

Nianze na fedha, kwa kuwa ndizo zilizojaza daftari. Neno Au Pair ni la Kifaransa, na maana yake ni "kwa usawa": kijana anapokelewa kama mmoja wa watu wa nyumba, wala si kama mtumishi wa ndani. Ndiyo maana Wajerumani hawaziiti fedha zile mshahara. Familia inakupa chumba chako mwenyewe, chakula, bima ya afya na ya ajali, euro 280 za mkononi kila mwezi, na mchango wa euro 70 kwa mwezi kwa ajili ya kozi ya lugha. Nawe unasaidia kwa saa zisizozidi 30 kwa wiki, unapata siku moja na nusu ya mapumziko kila wiki, na likizo ya wiki nne kwa mwaka mzima. Kwa viwango vya karibuni vya kubadilisha fedha, euro 280 zinakaribia shilingi laki nane. Ndani ya hizo kuna simu, sabuni, nauli unapotembea kwa shughuli zako, koti na viatu vya baridi, na sehemu ya kozi itakayozidi ule mchango. Ukijibana sana, pengine utaweza kutuma nyumbani euro 100 kwa mwezi, yaani kiasi kisichopishana sana na mshahara unaoupata leo.

Sasa ziweke hesabu hizo kando ya milioni sita na nusu za wakala. Ukizigawa kwa miezi 12, ni zaidi ya shilingi laki tano na elfu arobaini kwa kila mwezi utakaokaa huko. Fedha zote za mkononi za mwaka mzima ni kama milioni tisa na nusu. Kwa hiyo, hata usinunue hata soksi, zaidi ya theluthi mbili ya fedha zako itakuwa inalipia kitu kimoja tu: kibali cha kwenda kuzipata. Bati hazimo, ada haimo, na ile pikipiki yenye alama ya kuuliza haimo kabisa.

Na hapa, mwanangu, naomba unisikilize kwa moyo ule ule ulionieleza. Katika barua yako nimekutana na uongo wa aina mbili. Mmoja unakukera, nao ni ule unaoshauriwa kuusema ubalozini. Wa pili unaulea mwenyewe, nao ni ukimya wako mbele ya daftari. Sikulaumu hata kidogo. Mtu anayekitaka kitu kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote hujikuta ameshikilia ukimya kama mtu anayeshikilia kamba ya ngalawa, akihofia kwamba akiilegeza kidogo tu, mawimbi yatakichukua chombo. Lakini huo wa pili ndio ninaouhofia zaidi, kwa sababu ubalozi unaweza kukunyima viza na ukaamka kesho ukiwa bado na watu wako, ilhali hili la nyumbani litakufuata Kiel kila tarehe ya mwisho wa mwezi.

Nimeliona likitokea. Miaka ya nyuma nilikaa na mama mmoja wa Pangani ambaye binti yake alikuwa nje, si Ujerumani, mahali pengine. Alikuwa ameacha kupokea simu za binti yake. Nilidhani wamegombana, kumbe alikuwa akiona haya, kwa sababu kila simu iliishia kwenye fedha alizoahidiwa na shemeji zake na ambazo binti hakuwa nazo. Hakukuwa na mwizi katika habari ile. Kulikuwa na ahadi iliyotolewa na mtu mwingine kwa niaba ya binti, naye hakuikanusha mapema.

Umesema kwamba wakijua hawatakuruhusu. Una uhakika gani? Baba mdogo unayenieleza ni mtu aliyebeba familia ya kaka yake kwa miaka minne. Amekosea hesabu kwa sababu amepewa hesabu za uongo. Hujampa nafasi ya kukosea au kupatia kwa hesabu za kweli. Inawezekana akakasirika. Inawezekana akasema basi, safari imekwisha, na hiyo ni hatari ya kweli ambayo siwezi kukuficha. Lakini inawezekana pia mtu anayepanga bati 30 kwa shemeji yake mjane akaelewa ukimwambia, "Baba, huko sikwendei fedha, nakwendea elimu, na mtaji wetu wa shamba nataka ubaki palepale."

Kuhusu wakala nitasema wazi kuliko mahali pengine, kwa sababu hapa sioni pande mbili zenye uzito sawa. Viza haiuzwi na mtu wa kati. Unayo familia, unao mkataba, unacho cheti cha A1, na hivyo ndivyo vitu ambavyo wakala halali angekutafutia. Huyu anataka milioni sita na nusu kwa kazi uliyokwisha kuifanya. Kwa sheria za Ujerumani, wakala wa huko anayeunganisha vijana na familia haruhusiwi kumtoza kijana zaidi ya euro 150, ambazo ni kama laki nne na kidogo. Ada ya viza yenyewe ya ukaaji wa muda mrefu ni euro 75. Pasipoti yetu ni shilingi 150,000. Na mtu anayesema "nitazungumza na watu wangu" ama anakudanganya, ama anapanga kukuingiza katika rushwa. Kwa hapa nchini, wakala wa ajira hutakiwa kuwa na kibali cha mamlaka ya kazi. Muulizeni mbele ya baba mdogo awaonyeshe, na mtazame uso wake.

Inabaki gharama moja kubwa ya kweli, nayo ni nauli ya ndege, ambayo kwa kawaida huwa juu ya kijana mwenyewe isipokuwa familia imekubali kuchangia. Je, mkataba wako unasemaje? Kama uko kimya, una haki ya kuuliza, tena kwa adabu na bila woga; familia inayocheka na wewe juu ya pengo la jino haitakasirika kwa swali la nauli. Na kama mtalazimika kutafuta fedha nyumbani, mavuno ya msimu mmoja wa machungwa ni jambo moja, na kuuza ardhi ambayo michungwa imesimama juu yake ni jambo jingine kabisa.

Maana kuhusu shamba kuna swali ambalo hukuliuliza. Je, mirathi ya baba imegawanywa? Je, kuna msimamizi aliyeteuliwa na mahakama? Kama shamba lile bado ni la marehemu kwa karatasi, basi ni la warithi wote, mama yako akiwamo na wadogo zako wakiwamo, na baba mdogo, kwa upendo wake wote, hana mamlaka ya kuliuza peke yake. Mnunuzi aliyeharakishwa leo anaweza kuwa kesi ya miaka mitano kesho. Usiliseme hili kama silaha dhidi ya baba mdogo. Liseme kama tahadhari inayomlinda yeye pia.

Sasa tuje ubalozini. Umeuliza kama unaweza kusema utarudi ilhali huna uhakika. Nadhani swali lenyewe umeliazima kwa wakala, ambaye anaamini kuna majibu mawili tu: "nitarudi" la uongo na "nitabaki" la kukunyima viza. Wewe huna jibu lolote kati ya hayo. Ukweli wako ni kwamba unakwenda kwa mwaka mmoja kwa masharti ya mwaka mmoja, kwamba wewe ni mwalimu wa chekechea na unataka kuona watoto wanavyolelewa kwingine, na kwamba baada ya hapo una ndoto ya chekechea Makorora. Hayo yote umeniandikia mimi bila kufundishwa na mtu. Yanaweza kuandikwa katika barua ya maelezo ya nia bila kubadilishwa herufi.

Na ile ndoto nyingine, ya kusomea hukohuko? Nayo si haramu. Ujerumani ina mafunzo ya ufundi na taaluma ambayo kijana husoma huku akifanya kazi na kulipwa. Ya uuguzi, kwa mfano, huchukua miaka mitatu, na kwa kawaida hudai Kijerumani cha ngazi ya B1, yaani ya kati, au zaidi. Wako waliomaliza mwaka wao wa Au Pair wakaomba kibali kipya kwa ajili ya mafunzo hayo, kwa uwazi, kabla cha kwanza hakijaisha. Ofisi ya wageni ya mji husika ndiyo inayoamua, na inaweza kukataa. Hilo ni tofauti kabisa na kumaliza muda na kujificha. Anayejificha hana bima, hana mkataba, hawezi kuripoti akidhulumiwa, na hawezi kuja kumzika mzazi akijua atarudi. Neno "kaa hukohuko" alilitamka mtu ambaye hatakuwapo siku utakapoogopa kugongewa mlango.

Nisikufiche kwamba kusema ukweli nako kuna hatari yake. Afisa anaweza kuona kwamba mipango yako haijakaa sawa akakunyima, na tangu Julai 2025 Wajerumani wamefuta ule utaratibu wa kuuandikia ubalozi barua ya kuomba uamuzi uangaliwe upya. Kilichobaki ni kuomba upya au kwenda mahakamani kwao, na wewe umri wako hauruhusu kuomba upya mara nyingi. Lakini maelezo ya uongo nayo, yakigundulika, ni sababu ya kunyimwa, na hata ukishaingia yanaweza kuwa sababu ya kuondolewa. Utachagua mwenyewe ni hofu ipi unaweza kulala nayo.

Nikurudishe kwa mama yako sasa. Umeuliza kama mtoto wa kwanza ana haki ya kumwacha mama mgonjwa. Nimeona kwamba swali umelielekeza kwangu, si kwake. Umenieleza vidonge vyake, kliniki yake, ukimya wake, na hujanieleza hata sentensi moja aliyoitamka kuhusu safari hii. Sote tumezoea kuusoma ukimya wa mama kama huzuni au kama katazo. Huenda ndivyo. Huenda pia alikuwa akisikia jina la binti yake likigeuzwa orodha ya madeni na akakosa namna ya kumkatiza shemeji yake aliyemsaidia miaka yote. Aliyekumenyea chungwa akakuwekea mkononi hakulipeleka kwa mwenye daftari.

Keti naye peke yake, baada ya alasiri, baba mdogo akiwa hayupo. Usianze na "niende au nisiende." Anza na euro 280. Mwambie ulizijua tangu mwanzo na kwa nini ulinyamaza. Itakuwa ngumu, na pengine utalia, na si vibaya. Kisha muulize yeye anataka nini, na kaa kimya muda mrefu kuliko ulivyozoea. Zungumzeni pia mambo madogo yenye uzito: mdogo wako yupi atamsindikiza Bombo, nani ataandikiwa majina ya vidonge na saa zake, na mkiona presha imepanda mtafanya nini. Ukigundua kwamba hakuna anayeweza kushika nafasi hiyo hata kwa mwaka, hilo nalo ni jibu, na litakuwa limetoka katika hali halisi ya nyumba yenu badala ya hofu yako ya usiku. Ukibaki, Kijerumani chako hakipotei. Mafunzo niliyoyataja hayana kikomo hicho cha miaka 27, na unaweza kuendelea hadi B1 ukiwa hapahapa na kuomba moja kwa moja, njia ambayo ni ndefu zaidi na ina malipo ya kweli ndani yake. Lakini ukibaki kwa kulazimishwa na wasiwasi ambao hukuupima, nakuhofia kinyongo, hasa kwa mama ambaye hakukukataza.

Na ukienda, nenda ukijua unapokwenda. Kiel ni pwani kama kwetu; jirani yake kuna Eckernförde, mji ulio ndugu na Tanga, ambao sekondari moja ya hapa kwetu inabeba jina lake. Hata neno letu "shule" tumelitoa katika lugha yao. Pamoja na hayo, Desemba jua la huko huzama karibu saa kumi jioni, na mtu wa Ngamiani aliyezoea baraza na kelele za watoto barabarani huweza kuhisi kwamba dunia imefungwa. Uliza kabla ya kuondoka: saa zako 30 zimepangwaje, jioni zipi ni zako, kozi ya lugha iko umbali gani, na chumba chako kinafungwa kwa ufunguo? Muulize mwalimu mwenzako aliye huko mambo ambayo hawezi kuyasema familia ikiwa karibu na simu. Na andika mahali namba 116 016, ambayo ni simu ya bure ya msaada kwa wanawake wanaokumbana na ukatili nchini Ujerumani. Hupokelewa saa zote na wanao wakalimani wa lugha nyingi. Naomba usiihitaji kamwe, lakini iwepo.

Kuhusu lile daftari, nina ombi moja. Mwombe baba mdogo akuazime kwa usiku mmoja. Usifute alichoandika. Upande wa pili wa ukurasa, kwa mkono wako, andika miezi 12 kama itakavyokuwa kwa kweli: zinazoingia, zinazotoka, na kile unachoweza kutuma bila kujidhulumu, hata kama kuna mwezi ambao ni sifuri. Chini yake andika nini utarudi nacho au utaendelea nacho. Kisha msomee, mama akiwapo, kwa sauti ile ile aliyokusomea yeye.

Miadi ya ubalozi omba mapema, hata kabla mazungumzo hayo hayajaisha, kwa sababu miadi unaweza kuiacha lakini miezi huwezi kuirudisha. Na mkishaketi na mama, niandikie tena, hata kama ni mistari miwili tu. Nitataka kujua alisema nini.

Mama Mshauri